Nani Asemaye Katikati? Uhakiki wa Picha za Video katika Ufundishaji wa Lugha za Kigeni Nyanda za Kati

Nyanda za kati za Tanzania ni mahali pasipohitaji kuhubiriwa habari za wingi wa lugha. Atokaye Mpwapwa kwenda Kondoa, kisha akageukia Kwa Mtoro, hupita katika Kigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Hukutana na Kiburunge, kilicho katika jamii ya lugha za Kikushi. Husikia Kimaasai na Kidatooga, za jamii ya Kiniloti. Na mwishowe hufikia Kisandawe, lugha yenye vidoko, ambayo wataalamu hawajapatana juu ya udugu wake. Mtoto azaliwaye katika vijiji hivyo mara nyingi hupata Kiswahili kuwa lugha yake ya pili. Kiingereza humjia kuwa ya tatu, nacho humngoja katika mlango wa sekondari kikiwa lugha ya masomo yote isipokuwa machache. Na tangu mwaka 2013, ilipoanzishwa Taasisi ya Confucius katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Kichina kimekuwa cha nne kwa wale wakitakao.

Kwa mtoto huyu na kwa mwalimu wake limeletwa shauri jipya. Husemwa kwamba lugha za kigeni sasa zaweza kufundishwa kwa picha za video zipendwazo na watu: nyimbo, tamthilia, vichekesho na vipande vifupi vipatikanavyo katika YouTube na TikTok. Mwanafunzi hupenda kuzitazama bila kushurutishwa. Husikia wasemaji wa asili ambao asingekutana nao Bahi wala Chemba. Na simu moja hutosha kuzileta darasani. Hoja hii ina nguvu, wala si haki kuidharau. Lakini inapimwa mara nyingi kwa furaha ya watazamaji, na furaha si kipimo cha kujua lugha. Yafaa zipimwe kazi zenyewe, moja moja, na kila moja iulizwe swali lile lile: kati ya lugha iliyo katika picha na mtu aitazamaye, ni nani asemaye katikati, na ambakishia mtazamaji kazi gani?

Haki iliyomo katika hoja

Msingi wa nadharia ya hoja hii ni wa kujulikana. Stephen Krashen, katika kitabu chake cha mwaka 1982, alishikilia kwamba lugha ya pili hupatikana kwa kusikia na kusoma maneno yafahamikayo, yaliyozidi kidogo tu kiwango cha mwanafunzi. Picha husaidia jambo hilo, maana macho hueleza lile ambalo sikio halijalishika. Uthibitisho wake haukosekani. Mwaka 1999, Cees Koolstra na Johannes Beentjes walionyesha kwamba watoto wa shule za msingi nchini Uholanzi, waliotazama kipindi cha Kiingereza chenye maandishi ya Kiholanzi chini ya picha, walipata maneno mengi ya Kiingereza kuliko wenzao waliotazama kipindi hicho hicho bila maandishi.

Hata hivyo, matokeo ya Uholanzi hayasafirishwi mpaka Dodoma kama mzigo usiofunguliwa. Kiholanzi na Kiingereza ni ndugu wa karibu. Maneno mengi ya nyumbani yafanana kwa sauti na kwa maana, hata mtoto akisikia hupata pa kushikilia. Kati ya Kigogo au Kiswahili kwa upande mmoja, na Kiingereza au Kichina kwa upande wa pili, hakuna udugu wa namna hiyo. Isitoshe, mtoto wa Uholanzi amezungukwa na Kiingereza mitaani na katika safari. Mtoto wa Mvumi hakisikii akitoka darasani.

Tena, nadharia ya Krashen ilipata jibu mapema. Mwaka 1985, Merrill Swain aliwatazama wanafunzi wa Kanada waliofundishwa masomo yao kwa Kifaransa miaka mingi. Ufahamu wao wa kusikia ulikuwa mzuri, lakini usemi wao ulibaki nyuma sana ya wasemaji wa asili. Alitoa sababu kwamba hawakulazimishwa vya kutosha kusema. Tanzania haihitaji kwenda Kanada kuona jambo hilo. Mwaka 1984, Clive Criper na William Dodd walipochunguza Kiingereza katika shule za Tanzania, walikuta kwamba wanafunzi wa sekondari, ambao husikia na kunakili Kiingereza kila siku, hawakuwa na kiwango cha kuwatosha kujifunza kwa lugha hiyo. Kama kusikia peke yake kungetosha, saa zile zote za darasani zingalikuwa zimetosha.

Mdomo usio na lugha

Kazi ya kwanza ya kupimwa ni ile ya Kili Paul, kijana wa Kimaasai wa mkoa wa Pwani, ambaye mwishoni mwa mwaka 2021 alijulikana duniani kwa vipande vya video anavyofuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo, mara nyingi pamoja na dada yake. Mwezi Februari 2022, Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwasifu katika hotuba yake ya redio. Vipande hivyo vimetajwa mara nyingi kuwa mfano wa jinsi video zinavyovusha lugha mipaka.

Kwa upande wa sanaa, sifa hizo ni za haki. Midomo hufuata wimbo bila kuchelewa. Irabu ndefu hupewa urefu wake. Pumzi huvutwa mahali pavutwapo na mwimbaji wa asili. Mtazamaji wa Mumbai hudanganyika kwa furaha. Lakini kazi hii huonyesha jambo lililo kinyume cha lile inalotolewa ushahidi. Huonyesha kwamba umbo la nje la usemi laweza kushikwa kwa ukamilifu mkubwa bila mshikaji kutunga hata sentensi moja ya lugha hiyo. Msanii hana kosa, maana hakudai kufundisha Kihindi. Kosa ni la mhakiki anayechukua kufanana kwa midomo kuwa kupatikana kwa lugha.

Nyanda za kati zimejua tofauti hii kwa muda mrefu. Katika madrasa za Kondoa, watoto husoma Kurani kwa Kiarabu kwa tajuwidi nzuri, kila herufi ikitolewa mahali pake, na walio wengi hawawezi kuagiza maji kwa Kiarabu. Hapana aibu katika hilo, kwa kuwa kusudi la kisomo kile ni ibada. Walimu wa madrasa hawajapata kusema kwamba wanafundisha mazungumzo. Watetezi wa video wangefaa kuwa na unyofu huo huo: kufuatisha kwa midomo ni zoezi jema la ulimi na la mahadhi, la kutumiwa mwanzoni mwa somo, nalo lisipewe jina la somo zima.

Mkalimani anayeificha lugha

Kazi ya pili ni ya aina nyingine, na ina historia ndefu zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt aliongoza huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza picha za sinema za elimu kwa ajili ya Afrika ya Mashariki na Kati. Picha zile zilisindikizwa na maelezo kwa lugha za watazamaji, maana ilionekana tangu mwanzo kwamba picha peke yake haijielezi. Baadaye kazi ya maelezo iliingia mikononi mwa wananchi wenyewe. Katika Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na kanda zake zilienea mbali na pwani. Kenya imekuwa na DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake.

Msimulizi wa aina hii hafasiri tu. Hutia utani, hutoa mawaidha, huwapa wahusika majina ya mtaani na kuhamisha Hong Kong mpaka Kariakoo. Ni fasihi simulizi iliyopanda juu ya kioo cha sinema, na ingestahili uhakiki mkubwa zaidi kuliko uliokwisha kuandikwa. Lakini kwa anayejifunza lugha ya kigeni haiachi kitu. Sauti ya asili huzimwa au hufunikwa, na mtazamaji hupata hadithi yote huku lugha yote ikimpotea.

Kuingiza sauti katika tamthilia hufanya jambo lile lile kwa adabu zaidi. Mwaka 2011, televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake, wahusika wakisema Kiswahili. Ilipendwa mno, hata Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Kwa Kiswahili, tamthilia hii ilikuwa faida: ilithibitisha kwamba lugha yaweza kubeba maisha ya mji wa Beijing bila kulemewa. Kwa Kichina kama somo, haikufundisha neno. Jina lenyewe la tamthilia ni mfano. Doudou ana mama wakwe wawili kwa sababu wazazi wa mumewe waliachana, na mwanamke mwingine akaingia nyumbani. Mtazamaji wa Kiswahili, aonapo mama wakwe kwa wingi, kwanza hufikiri baba mkwe mwenye wake wawili. Hapo palikuwa na swali zuri la lugha na la desturi, la kuulizwa darasani kwa saa nzima. Lakini kwa kuwa sauti ya Kichina imeondolewa, hakuna pa kulishikia swali hilo.

Mlango mwembamba wa maandishi

Mwalimu wa Dodoma aliyeyaona hayo huchagua njia ya tatu: sauti ya asili ibaki, na maandishi yawe chini ya picha. Njia hii ni bora, nayo ndiyo itumiwayo zaidi. Lakini maandishi yapatikanayo ni ya lugha gani? Kwa video za Kichina, Kikorea au Kifaransa, mara nyingi ni ya Kiingereza. Basi mwanafunzi wa Kichina, ambaye Kiingereza chake chenyewe kina mashaka, huombwa kukifikia Kichina kwa kupitia Kiingereza, hali Kiswahili anachokijua vema kimeachwa nje.

Hasara ya mzunguko huo yaweza kuonyeshwa kwa maneno ya ukoo, ambayo hayakosekani katika tamthilia yoyote ya nyumbani. Mchina humwita kaka mkubwa wa baba yake bobo, na mdogo wa baba yake shushu. Kaka wa mama yake humwita jiujiu. Na dada wa baba yake, gugu. Kiingereza huwakusanya wanaume wote watatu katika neno moja. Kiswahili kinawatenga kama Kichina kinavyowatenga: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, naye gugu ni shangazi. Mwanafunzi wa Kongwa anayesoma maandishi ya Kiingereza hupokonywa tofauti anayoijua tangu utotoni, kisha hufundishwa upya kama jambo geni la Wachina. Maandishi ya Kiswahili yangalimpa kwa dakika moja.

Tena maandishi yana tabia nyingine inayopasa kuangaliwa. Mwaka 2009, Holger Mitterer na James McQueen walichunguza Waholanzi waliotazama vipindi vya Kiingereza vyenye matamshi wasiyoyazoea. Maandishi ya Kiingereza yaliwasaidia kuyazoea matamshi hayo. Maandishi ya Kiholanzi yaliwazuia. Jicho lilipopata maana katika lugha ya nyumbani, sikio lilijipumzisha. Kwa hiyo matokeo ya mwaka 1999 na ya mwaka 2009 hayagombani. Maandishi ya lugha ya mwanafunzi hufaa kwa kupata maana ya neno; maandishi ya lugha ya picha hufaa kwa kulizoeza sikio. Mwalimu asiyejua anataka lipi kati ya hayo mawili atachagua kwa bahati.

Waswahili wana kipimo chao cha jambo hili. Mtega kitendawili husema, naye aliyetegwa hujibu, tega. Hujaribu mara moja, hujaribu mara ya pili, na akishindwa hutoa mji, ndipo apate jibu. Jibu hukaa moyoni kwa kuwa lilitafutwa kwanza. Maandishi ya chini ya picha ni kitendawili kiteguliwacho kabla hakijategwa.

Sikio ambalo shule hailiulizi

Jambo la toni ni zito zaidi, na katika nyanda za kati lina faida ambayo haijatumiwa. Kiswahili sanifu hakitofautishi maneno kwa toni. Hutumia mkazo, nao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho; jozi kama barabara ya kupita magari na barabara ya maana ya sawasawa ni chache. Kichina hutofautisha maneno kwa toni kila mara. Neno la kununua na neno la kuuza yana silabi ile ile, mai. La kwanza lina sauti ishukayo chini na kuinuka, la pili lina sauti iangukayo. Anayezichanganya katika biashara hugeuka muuzaji alipotaka kuwa mnunuzi.

Mwalimu afundishaye kwa Kiswahili au kwa Kiingereza huichukulia toni kuwa ajabu ya Wachina. Lakini Kigogo kina toni, kama zilivyo nazo lugha nyingi za Kibantu. Kirangi kina toni. Kisandawe kina toni. Mwanafunzi aliyekulia katika lugha hizo amekwisha kutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutenga maana, ijapokuwa hajapata kuambiwa hivyo na mtu. Ni kweli kwamba toni za Kibantu hazifanyi kazi sawasawa na za Kichina: huhama, huenea, na nyingi hubeba sarufi ya kitenzi badala ya maana ya neno moja. Kwa hiyo haifai kuahidi kwamba Mgogo atajua Kichina upesi kuliko Mswahili wa Mjini Unguja. Ila yafaa kusema kwamba sikio lake lina uzoefu ambao somo lingeanzia hapo. Video hailiamshi sikio hilo kwa nguvu yake yenyewe. Inahitaji mwalimu wa kusimamisha picha na kuuliza: katika lugha ya nyumbani kwenu, neno gani hubadilika maana sauti ikishuka?

Kazi iliyotungwa kwa kusudi

Katika kazi zilizotungwa Tanzania, inayokaribia zaidi kutimiza sharti hili ni Akili and Me, katuni ya watoto wadogo iliyotengenezwa na shirika la Ubongo la Dar es Salaam, ambalo lilitangulia kwa Ubongo Kids mwaka 2014. Mwaka 2018, Dina Borzekowski alichapisha utafiti uliofanywa Morogoro juu ya watoto zaidi ya 500, na matokeo yalionyesha kwamba watoto walioipokea vema katuni hiyo walipiga hatua katika kuhesabu, kutambua maumbo na hata katika maneno ya Kiingereza. Sababu yaonekana katika kazi yenyewe. Maneno ni machache, hurudiwa kwa wimbo, na mhusika mkuu naye ni mtoto anayejifunza. Hakuna mkalimani aliyesimama katikati kumpokonya mtoto kazi yake.

Lakini hata kazi njema ina mpaka wake. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake, huko Seattle, waliwasikilizisha Kichina watoto wachanga wa Kimarekani wa miezi tisa kwa vipindi 12. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu wa kuonekana mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Waliopewa sauti ile ile kwa video au kwa kinasa sauti hawakuwazidi watoto wasiopata kukisikia Kichina. Watoto wa Morogoro walikuwa wakubwa kuliko hao, nao walipimwa kwa maneno na si kwa sauti. Kwa hiyo tafiti hizi mbili hazipingani. Ule wa Seattle wadokeza kwamba usemi huchipua pale mtu amwangaliapo mwenzake na kungoja jibu.

Linalofuata

Kutokana na hayo, matumizi ya video katika madarasa ya Dodoma hayana budi kugeuzwa mpango. Kipande cha dakika moja chatosha kwa somo zima. Kionyeshwe kwanza bila sauti, nao wanafunzi waseme kwa Kiswahili waliyoyaona. Kionyeshwe tena kwa sauti, bila maandishi, wapate kutaja maneno waliyoyashika. Kisha kisimamishwe mhusika anapoulizwa neno, kabla hajajibu. Mwanafunzi ajibu kwa lugha ya kigeni kadiri awezavyo, mwenzake amrekebishe, ndipo picha iendelee na jibu la mhusika lipimwe na jibu la darasa. Maandishi yaje mwisho. Ngoma za Kigogo hufuata utaratibu wa namna hii: kiongozi huanza, na kundi huitikia, asiyeitika hajacheza.

Watasema wengine kwamba madarasa ni makubwa, umeme hukatika, na bando la intaneti ni ghali. Hayo ni ya kweli, nayo ni sababu ya kutumia kipande kifupi kilichohifadhiwa katika simu moja badala ya vipindi virefu. Watasema wengine kwamba mwalimu mwenyewe hana matamshi mazuri ya Kiingereza au Kichina. Hilo nalo ni la kweli mara nyingi, na hapo ndipo ilipo faida halisi ya video: huleta sauti ambayo mwalimu hanayo, naye mwalimu huleta swali ambalo video haina.

Shauri la video lina hatari moja tu kubwa, nayo haimo katika video. Ni kwamba shule ya kijijini yenye fedha za kitu kimoja yaweza kushawishiwa kununua kioo badala ya kumpeleka mwalimu mafunzoni, kwa kuwa kioo huonekana na mgeni wa ukaguzi, na ujuzi wa kuuliza hauonekani. Mtoto wa Kwa Mtoro aingiaye kidato cha kwanza atafanyiwa mitihani kwa Kiingereza miaka minne baadaye. Mtihani huo hautamtaka aeleze kama alipenda alichokitazama. Utamtaka aandike sentensi zake mwenyewe, nazo hujifunzwa kwa kuulizwa na kujibu.